Yatokanayo: Nataka kuzishauri bodi, nianzie wapi?

Tangu niache ajira mwaka 2009 kazi yangu imekuwa hii: kuzishauri bodi za kampuni, vyama vya akiba na taasisi, bila kuajiriwa na hata moja. Kabla ya hapo nilifanya kazi kwenye ofisi ya katibu wa kampuni, yaani anayeandaa vikao vya bodi na kutunza mihtasari yake, hapa Dar es Salaam kwa miaka 13, nikianza kama msaidizi na kumalizia nikiwa katibu mwenyewe. Mwezi huu zimeingia barua tatu zinazoigusa kazi hiyo, na nitazijibu kwa yale niliyoyapitia. Ya Mwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu mwandishi wake amesimama karibu na hatari asiyoiona.

Dada, salaam. Nina miaka 54. Nimefanya ukaguzi wa ndani benki kwa miaka 26, na mara nyingi nilikuwa nikitoa taarifa mbele ya kamati ya ukaguzi ya bodi. Mwaka jana nilistaafu kwa hiari nikarudi nyumbani Mwanza. Nataka kuwa mshauri huru wa bodi. Nimesajili jina la biashara BRELA, nimechapisha kadi 500, nimepanga chumba cha ofisi Barabara ya Kenyatta. Mwezi wa nne huu, simu haijalia. Kilichopo ni familia moja yenye kiwanda cha minofu ya sangara. Baba mwenye mali tulisoma pamoja. Wananiita kwenye vikao vya bodi yao, nakaa, nachangia, mara nyingi wanafuata ninalosema, na nikitoka napewa bahasha ya posho kama wajumbe. Je, nimeshaanza kazi? Nitoze kiasi gani? Na nikasome cheti kwanza? — Msomaji, Mwanza

Kaka yangu, salaam. Swali lako la kwanza ndilo zito. Hapana, kazi ya ushauri hujaianza. Ulichoanza ni ukurugenzi bila kuteuliwa, na hilo linanitia hofu kuliko simu isiyolia.

Sheria za makampuni, yetu ya 2002 na ya Kenya ya 2015, zimerithi kwa Waingereza wazo la mkurugenzi kivuli: mtu ambaye jina lake halimo kwenye daftari, lakini wakurugenzi wamezoea kufuata maelekezo yake. Mambo yakiharibika, mtu huyo anaweza kubebeshwa wajibu uleule wa wakurugenzi. Anayetoa ushauri kwa taaluma yake, kama wakili au mhasibu, hahesabiwi hivyo kwa sababu tu ushauri wake umefuatwa. Sasa fikiria kiwanda kimeshindwa kulipa benki na mfilisi amefungua mafaili. Atakuta nini chenye jina lako? Mkataba hakuna, ankara hakuna, hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi uliyopewa, hakuna. Atakuta sahihi yako kwenye orodha ya mahudhurio, katikati ya wajumbe, na posho sawa na yao. Utamwambiaje kwamba ulikuwa mshauri?

TRA nayo inatenganisha vitu hivi viwili. Ada ya huduma ya mshauri mkazi hukatwa kodi ya zuio asilimia 5. Ada ya mkurugenzi asiye wa kudumu hukatwa asilimia 15. Bahasha yako haisemi wewe ni yupi kati ya hao.

Kwa hiyo, kabla ya kikao kijacho, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa bodi. Iende kwa cheo chake, hata kama ni yuleyule mliyekuwa mkikaa naye dawati moja. Eleza utasoma nini, utafanya kazi siku ngapi, taarifa yako itakwenda kwa nani (bodi nzima, kaka, siyo mtu mmoja), malipo yatapita benki kwa ankara, na kwamba hupigi kura. Mwombe anayeandika muhtasari akuweke chini ya "waalikwa". Wakifika kwenye maamuzi, inuka utoke nje. Mara ya kwanza utaona haya, maana kwetu mtu hainuki sebuleni mazungumzo yakiwa yamekolea. Toka hivyo hivyo. Watoto wa familia ile hawatajifunza kumpinga baba yao kwa hoja ikiwa wewe upo pale kuwasemea.

Sasa nikueleze wanachonunua watu wanapotununua sisi, kwa sababu kadi zako 500 hazikisemi.

Kila kabrasha la bodi, yaani makaratasi ya kikao, lina kipengele cha yatokanayo na kikao kilichopita. Wajumbe wengi hukipita haraka, wanataka kufika kwenye taarifa ya fedha. Mimi naanzia hapo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa SACCOS ya walimu mkoani Morogoro, mwaka 2010. Niliomba mihtasari ya vikao nane vya nyuma, nikaisoma usiku kwenye nyumba ya wageni nikiwa na kalamu mbili: nyekundu kwa kila jambo lililoahirishwa, ya bluu kwa kila jambo lililokabidhiwa mtu likapewa tarehe. Mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, ilikuwa nyekundu vikao sita mfululizo, kila mara kwa maneno yaleyale: "Meneja ataleta taarifa kikao kijacho." Kikao cha sita kilikuwa na mistari miwili kuhusu mikopo hiyo, na karibu kurasa mbili kuhusu fulana za Siku ya Ushirika.

Asubuhi sikusema kwamba meneja ni mzembe. Nilichora jedwali kwenye karatasi kubwa, mambo upande wa kushoto, vikao juu, na rangi zile mbili, nikalibandika ukutani. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu wa hisabati, alilitazama muda mrefu. Akauliza, "Ina maana jambo hili tumelikwepa mwaka mmoja na nusu?" Hakuna aliyemjibu. Mchana ndipo mwenyekiti akanieleza pembeni: watatu kati ya wajumbe tisa walikuwa wenyewe kwenye orodha ya wadaiwa. Meneja alikuwa na taarifa tayari tangu kikao cha pili. Hakuthubutu kuileta.

Hilo ndilo wanalonunua. Bodi ile haikukosa akili. Walikuwa watu makini, wengine walikuwa wamefundisha nusu ya wilaya. Walikosa mtu ambaye hadaiwi, haogopi kunyimwa mkopo, hana shemeji ndani ya chumba, na ambaye amesoma makaratasi yote. Wale watatu walitangaza maslahi yao na kukaa kando kila mikopo ilipojadiliwa, hadi walipomaliza kulipa. Meneja akaleta taarifa yake. Mimi nililipwa shilingi 600,000 kwa siku nne. Nilikuwa nimefanya tisa.

Kwako wewe nina tahadhari moja ya pekee. Umeishi miaka 26 na hoja za ukaguzi. Hoja ya ukaguzi hutazama nyuma: nani alikosea, kanuni gani, kiasi gani. Bodi inahitaji pia mtu wa kukaa nayo kwenye jambo ambalo bado halijaamuliwa, pale ambapo kosa halijatokea na huenda lisitokee. Nimewaona wakaguzi wazuri sana wakishindwa hapo. Wanaingia, wanataja makosa 14, wajumbe wanajikunyata kama wanafunzi, na mwaliko wa pili hauji. Jizoeze kuandika taarifa inayoanza na uamuzi ulio mbele ya bodi: wanunue jokofu jipya la kiwanda kwa mkopo wa dola au wasubiri? Kisha onyesha ni habari gani wanazikosa ili waamue vizuri. Makosa ya nyuma yaweke mahali yanaposaidia uamuzi huo, si zaidi.

Kuhusu ofisi, irudishe kwa mwenye nyumba. Kodi ya kila mwezi itakufanya ukubali kazi ambayo ungepaswa kuikataa. Bodi hukutani nayo ofisini kwako. Unaifuata ilipo, na kabrasha unalisoma mezani kwako nyumbani. Fedha hiyo iweke. Nilipoacha ajira nilikuwa na akiba ya kuishi miezi kumi, na nakuambia kwa dhati kwamba akiba ile ilinipa ujasiri kuliko vyeti vyangu vyote.

Na kadi zile? Wanaotuita sisi huwa wameambiwa na mtu. Watu wenyewe ni wachache: makatibu wa kampuni, wakaguzi wa nje, mawakili wa biashara, na wajumbe waliokaa bodi zaidi ya moja. Hao ndio huona bodi inayumba kabla wengine hawajaona. Wewe unao tayari, wale uliokuwa ukikabidhi nao mafaili kila mwisho wa mwaka. Chagua watano, mwandikie kila mmoja barua yake, umweleze kazi moja tu unayoiweza kuliko nyingine. Ningekuwa wewe ningeandika: "Nasaidia kamati za ukaguzi ambazo hazijui zimuulize nini mkaguzi wao wa ndani." Mtu akisikia hivyo anakumbuka jina lako. Akisikia "mshauri wa utawala bora" anasahau kabla hajashuka ngazi.

Usizitazame kwanza benki na kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hizo zinasimamiwa, zinajulikana, na makampuni makubwa ya ukaguzi yamezizunguka. Anzia kwenye vyama vya ushirika, hospitali za mashirika ya dini, shule binafsi, na biashara za familia ambazo mwanzilishi anazeeka. Huko mahitaji ni makubwa mno. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona zaidi ya biashara moja nzuri ikigawanywa vipande baada ya matanga kwa kuwa bodi ilikuwa jina tu kwenye fomu.

Bei. Usitoze kwa kikao, toza kwa siku za kazi, na siku ya kusoma ni siku ya kazi. Kikao cha saa tatu kwangu ni siku nne: mbili za kusoma, moja ya kuzungumza na wajumbe mmoja mmoja kabla, na moja ya kikao chenyewe pamoja na kuandika. Chukua mshahara wako wa mwisho wa mwezi, ugawe kwa siku kumi. Ndiyo, kumi, maana siku nyingine utakuwa unatafuta kazi, unasafiri, unafuatilia malipo yaliyochelewa. Hiyo ndiyo bei yako ya siku kwa mwaka wa kwanza. Chama kidogo kisichoweza kulipa, punguza siku. Bei ya siku iache.

Cheti nasema soma, ila baada ya barua zile tano. Taasisi ya Wakurugenzi Tanzania ina mafunzo, na faida yake kubwa utaiona kwa watu utakaokaa nao darasani. Historia nayo ijue, itakupa msimamo. Mwaka 1992, baada ya kampuni kadhaa kubwa kuporomoka Uingereza, kamati ya Sir Adrian Cadbury ilitoa ripoti iliyosema wazi bodi inapaswa kufanya nini. Miaka miwili baadaye Afrika Kusini ikafuata kwa ripoti ya Jaji Mervyn King, na toleo lake la nne la 2016 bado naliweka mezani. Baadaye Waingereza wakazitaka kampuni zao kubwa zilete mtu wa nje kuipima bodi walau mara moja kila miaka mitatu. Kazi yetu imepata nguvu kupitia njia hiyo.

Shikamoo mama. Mimi ni wakili hapa Mombasa, nina miaka 31. Nimekuwa nikisoma safu yako na nimeamua hii ndiyo kazi ninayoitaka. Wenzangu wananicheka, wanasema bodi haiwezi kumsikiliza msichana. Je, ningoje niwe na mvi? — Msomaji, Mombasa

Marahaba mwanangu. Usingoje mvi. Nenda ukawe katibu wa kampuni.

Kwenu Kenya mlango huo uko wazi kuliko kwetu. Sheria yenu ya 2015 inazitaka kampuni binafsi zenye mtaji uliolipwa wa shilingi milioni 5 na kuendelea ziwe na katibu, na mitihani ya taaluma hiyo iko KASNEB. Mombasa imejaa kampuni za uwakala wa forodha, meli, hoteli na maghala ya chai ambazo zina katibu wa kutia sahihi tu. Kuwa katibu wa kweli wa mbili au tatu kati ya hizo. Utakaa kwenye vikao vingi kuliko mjumbe yeyote wa rika lako, na hakuna atakayekuuliza umri, kwa sababu wewe ndiye unayejua akidi imetimia au la.

Kanuni za utawala za 2015 kwa kampuni zinazouza dhamana, kama hisa, kwa umma zinataka angalau theluthi moja ya bodi iwe wakurugenzi huru, na mkurugenzi akipitisha miaka tisa hahesabiwi tena kuwa huru. Zinataka pia ukaguzi wa utawala, unaofanywa na mtu aliyeidhinishwa na Taasisi ya Makatibu. Kwa hiyo njia yako ina hatua zinazoonekana: wakili, katibu, mkaguzi wa utawala, mshauri. Sikumbuki mimi nikiwa na ngazi iliyonyooka namna hiyo.

Aprili 1998, soko letu la hisa lilipoanza biashara, mimi nilikuwa msaidizi wa katibu. Bosi wangu, mzee mkali mwenye mwandiko mzuri ajabu, alinirudishia muhtasari mmoja mara tano. Alitaka niandike kilichoamuliwa na sababu yake, na niache nani alipandisha sauti. Mara ya tano nililia msalani. Lakini uwezo wa kusikia uamuzi ndani ya kelele niliupatia pale, na mpaka leo nalipwa kwa uwezo huo.

Wanaokucheka waache. Kwenye bodi, mtu aliyesoma ukurasa wa 87 wa kabrasha husikilizwa, awe na miaka 31 au 70. Hilo nimelishuhudia mara nyingi.

Mama, naishauri bodi ya kampuni moja hapa Dar, mwaka wa pili sasa. Katika tathmini yangu nimeandika aya kuhusu kiwanja kilichonunuliwa kwa ndugu wa mwenyekiti kwa bei ambayo haina tathmini ya mthamini. Mwenyekiti ameniita ofisini, kwa upole kabisa, akaniomba niilainishe kabla taarifa haijawafikia wajumbe wengine. Ni mtu mwema na ndiye aliyenileta. Nifanye nini? — Msomaji, Dar es Salaam

Mwanangu, nakuuliza kwanza: kampuni hiyo ni sehemu gani ya kipato chako? Hukuandika, lakini nadhani najua.

Mwaka 2011 nilikuwa na mteja mmoja, kampuni ya familia ya malori. Ilikuwa inanipa karibu shilingi nane katika kila kumi nilizoingiza. Niliandika aya kama yako, kuhusu malori matatu yaliyonunuliwa kwa shemeji wa mwenyekiti. Mwenyekiti akaniita, kwa upole vilevile. Chai, karanga, maswali kuhusu watoto wangu. Nilikuwa na ada ya shule ya Januari mbele yangu. Niliifuta aya nikaweka sentensi moja: "Bodi inashauriwa kuendelea kuboresha taratibu za manunuzi."

Miezi 14 baadaye malori yale yalikuwa yamekufa na mkopo wake uko hai. Madereva walikaa miezi mitatu bila mshahara. Nilikwenda yadi nikawakuta wamelala chini ya matela, mmoja amekuja na mkewe na mtoto mchanga kwa sababu wametolewa kwenye chumba. Binti wa mwisho wa familia, mwenye hisa chache, alikuwa ameishika taarifa yangu. Akaweka kidole kwenye sentensi ile. "Hii ulimwandikia nani?" Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Nilirudisha ada yangu ya mwaka ule. Haikulipa hata wiki moja ya mishahara yao.

Tangu hapo hakuna mteja anayezidi robo ya kipato changu. Akikaribia, natafuta mwingine au napunguza matumizi nyumbani. Na kila mkataba wangu una kifungu kinachosema taarifa itatumwa kwa wajumbe wote kwa siku moja na saa moja. Wewe kifungu hicho huenda huna, lakini mkataba wako umefungwa na kampuni, na bodi ndiyo iliyokuagiza.

Rudi kwa mwenyekiti wewe mwenyewe, usitume ujumbe kwa simu. Mshukuru kwa kukuleta, maana hilo ni kweli. Mwambie aya itabaki, na kwamba ana njia ya heshima: atangaze maslahi yake mwanzoni mwa kikao, amkabidhi kiti mjumbe mwingine kwa ajenda hiyo, na yeye mwenyewe apendekeze aletwe mthamini aliyesajiliwa. Wenyeviti wawili niliowaeleza hivyo walikubali, na mmoja bado hunipigia simu kila Idi. Wa tatu aliniachisha kazi palepale. Jiandae kwa yote mawili. Piga hesabu ya miezi yako kabla hujapanda ngazi za ofisi yake.

Akikuonyesha kosa la tarakimu au tarehe, sahihisha mbele yake na umpe nakala. Aya ya kiwanja iache ilivyo.